Art Smith, sonara wa New York aliyeyachezesha mapambo ya shaba mwilini

Wiki mbili zilizopita, baada ya kipindi chetu cha mafundi wa mikono, mzee mmoja alituma ujumbe mrefu kwenye simu ya studio. Binti yake amemaliza kidato cha nne. Ananunua mabaki ya waya za shaba kwa mafundi wa umeme, anazinyoosha, anazigonga kwa nyundo, anazikunja kuwa bangili na hereni, na siku ya mnada zinanunuliwa. Mzee akauliza: huyu nimpeleke chuo, nimtafutie fundi wa kumfunza, au nimwambie aache mchezo atafute kazi?

Hewani sikuwa na jibu la haraka. Nilisema tutalirudia. Baada ya matangazo nikamkumbuka mtu ambaye maisha yake yote yaliuzunguka mtihani huohuo, naye alikuwa sonara. Dakika za redio ni chache na yeye ni wa kueleza kwa utulivu, kwa hiyo nimemwandika hapa umsome kwenye simu yako ukipata nafasi.

Jina lake lilikuwa Arthur George Smith. Wateja na marafiki walimwita Art Smith. Alifariki mwaka 1982, na leo mapambo yake yanatunzwa katika makumbusho makubwa ya Marekani.

Mtoto wa wahamiaji

Alizaliwa Cuba mwaka 1917, lakini wazazi wake walikuwa Wajamaika. Miaka ile watu wengi wa Jamaika walivuka bahari kwenda Cuba kutafuta kibarua, hasa kwenye mashamba ya miwa. Mwaka 1920 familia ikahama tena, safari hii kwenda Brooklyn, upande mmoja wa jiji la New York. Art alikuwa mtoto wa miaka mitatu. Kwa hiyo alikulia mjini, katika nyumba ya wahamiaji weusi, mahali ambapo hakuna aliyewasubiri kwa mkeka.

Mkono wake ulijionyesha mapema. Akiwa darasa la nane alichora bango kwa ajili ya mashindano ya shirika linalopinga ukatili kwa wanyama, na mchoro wake ukatajwa miongoni mwa iliyostahili heshima. Ni jambo dogo, lakini mtoto akishasifiwa mara moja na watu asiowajua huanza kujitazama kwa jicho lingine.

Miaka hiyohiyo uchumi wa Marekani ulikuwa umeanguka. Mdororo mkubwa ulianza mwaka 1929, viwanda vikafungwa, foleni za chakula zikawa ndefu, na watu weusi ndio waliokuwa wa kwanza kupunguzwa kazini. Kijana mweusi kusema anataka kuwa msanii katika hali ile ilikuwa kama kusema anataka kula upepo.

Chuo ambacho wakati huo hakikutoza ada

Kuna chuo jijini New York kinaitwa Cooper Union. Kilianzishwa mwaka 1859 na tajiri mmoja, Peter Cooper, ambaye yeye mwenyewe alikaa shuleni muda mfupi sana. Alitaka watoto wa wafanyakazi wapate elimu ya ufundi, sayansi na sanaa bila kulipa. Art Smith alipata nafasi pale. Darasani wanafunzi weusi walikuwa wa kuhesabu kwa vidole.

Washauri wa chuo walimwita wakamweleza jambo la busara, kwa mtazamo wao. Walimshauri asomee usanifu wa majengo. Sababu yao ilikuwa kwamba serikali ilikuwa na ajira za wachora ramani, na mtu mweusi angeweza kuingia huko kirahisi kuliko kwenye kampuni binafsi.

Mimi siwalaumu moja kwa moja. Ni ushauri ambao mjomba yeyote angetoa: tafuta penye mshahara. Lakini tazama ulivyojengwa. Walianza kwa kuuliza milango gani iko wazi kwa rangi ya ngozi yake, ndipo wakamtafutia somo la kupita kwenye mlango huo. Kipaji kilikuja mwisho.

Smith alijaribu. Hisabati ikamgomea. Usanifu bila hisabati hauendi, akauacha, akahamia kwenye uchongaji wa sanamu. Alihitimu mwaka 1940.

Kwa hiyo ukiuliza kama chuo kilimfundisha usonara, jibu ni hapana. Kilimpa kitu kingine ambacho sonara wengi hawakipati. Mchonga sanamu hujifunza kukizunguka kitu na kukiona kwa pande zote, mbele, nyuma na ubavuni. Anajifunza pia kwamba nafasi iliyo tupu kati ya mkono wa sanamu na kiuno chake nayo ina umbo, na ukiiharibu hiyo umeharibu sanamu nzima. Baadaye utaona jinsi somo hilo la uwazi lilivyomlipa.

Mwanamke mwenye karakana

Baada ya chuo alifanya kazi za hapa na pale. Mojawapo ilikuwa katika Junior Achievement, asasi iliyosaidia vijana kupata ujuzi na ajira. Usiku alikwenda Chuo Kikuu cha New York kusoma kozi ya utengenezaji wa vito. Hapo ndipo alipoanza kushika chuma kidogo kwa vidole badala ya jiwe kubwa kwa patasi.

Lakini shule yake halisi ilikuwa mtu. Katika miaka hiyo alikutana na Winifred Mason, mwanamke mweusi, fundi wa vito, aliyekuwa na karakana na duka dogo katika mtaa wa Greenwich Village. Mason alifanya kazi kwa shaba nyekundu na shaba ya manjano, na alikuwa na wateja wa kutosha kuhitaji msaidizi. Smith akawa msaidizi wake, kwanza kwa muda, kisha kazi ya kutwa. Akahama Brooklyn akapanga Bank Street, hukohuko Greenwich Village, karibu na kazi.

Napenda nikae hapa kidogo, kwa sababu jina la Winifred Mason halitajwi sana. Mwaka 1946 jarida la Ebony, lililokuwa likisomwa na Wamarekani weusi nchi nzima, liliandika habari zake. Alipata ufadhili wa mfuko wa Rosenwald kwenda visiwa vya Karibi kuchunguza sanaa za watu wa huko, na baadaye akaweka maskani Haiti na kuendelea na usonara. Kwa maneno mengine, alikuwa mwanamke mweusi aliyekuwa akiishi kwa nyundo na koleo katika miaka ambayo wengi wangedhani hilo haliwezekani, na alimfungulia kijana huyu mlango bila kumuuliza hisabati.

Kazi ya msaidizi unaijua kama umewahi kukaa kwa fundi. Unafika wa kwanza, unaondoka wa mwisho. Unakata bati la shaba kwa msumeno mwembamba kama uzi, unavunja nyembe zake mpaka mkono uelewe. Unapiga tupa, unapiga msasa. Unaonyeshwa kitu mara moja, mara ya pili unaulizwa.

Na shaba ina tabia zake. Wahunzi wetu wa majembe wanajua kwamba chuma cha pua kikichomwa kikawa chekundu kisha kikatumbukizwa majini kinakuwa kigumu. Shaba ni kinyume. Unapoigonga inakakamaa, ukiendelea inapasuka. Inabidi uichome hadi iwe nyekundu, uipoze, na hapo inakuwa laini tena, unaendelea kugonga. Gonga, choma, poza, gonga. Kila ikitoka motoni imevaa ngozi nyeusi, unaichovya kwenye tindikali nyepesi isafike. Sehemu mbili zikitakiwa kushikana unapaka dawa ya lehemu, unaweka kipande cha lehemu ya fedha na kuyeyusha kwa moto wa gesi, ukichelewa sekunde mbili umeyeyusha na bangili yenyewe. Ukitaka mabonde yake yawe meusi na vilima ving'ae, unaipaka dawa yenye salfa kisha unasugua palipoinuka.

Hayo yote hayamo kwenye kitabu kwa namna ya kutosha. Yamo kwenye kiganja cha mtu, nawe unayachukua kwa kukaa karibu naye.

Vioo vya Cornelia Street

Mwaka 1946 Smith alijitegemea. Alipata msaada wa fedha kutoka kwa watu waliomwamini, akafungua karakana na duka lake katika Cornelia Street, hapohapo Greenwich Village. Alikuwa na umri wa miaka 29 hivi.

Greenwich Village ulisifika kuwa mtaa wa wasanii, waandishi na wanamuziki, watu wa fikra huru. Sifa hiyo ilikuwa kweli, lakini si kwa kila kichochoro. Cornelia Street ilikuwa sehemu ya Wamarekani wenye asili ya Italia, na baadhi ya wakazi hawakutaka kumwona mtu mweusi akimiliki duka pale. Walimtisha. Waliharibu sehemu ya mbele ya duka lake.

Fikiria hali hiyo. Umejifunza miaka yote ile, umekopa, umepanga vitu vyako dirishani, halafu kila asubuhi unakuja kazini hujui utakuta nini. Sonara hafanyi kazi kwa kujificha. Anahitaji dirisha, kwa sababu mpita njia lazima akione kitu ndipo aingie. Na dirisha ndilo lililokuwa likimsaliti.

Hakurudi Brooklyn. Alihama mitaa michache tu, akaenda namba 140, West Fourth Street, nusu mtaa kutoka uwanja wa Washington Square, palipokuwa moyo wa Greenwich Village. Pale watu walikuwa wengi, wa kila aina, na macho ya wengi yalikuwa ulinzi wa namna yake. Duka hilo lilidumu hadi mwaka 1979. Ukijumlisha na Cornelia Street, ni miaka 33 ya mtu mweusi kuuza kazi ya mikono yake kwa jina lake mwenyewe.

Mapambo yake yalikuwaje

Wakati huo vito vilivyoheshimiwa vilikuwa vya dhahabu na almasi, na thamani yake ilihesabiwa kwa uzito wa jiwe. Kundi dogo la mafundi wa Marekani lilikuwa likifanya kinyume. Mchongaji Alexander Calder alikuwa akikunja waya na kugonga shaba kuwa mikufu. Pale Greenwich Village kulikuwa na Sam Kramer, fundi wa vito vya ajabuajabu aliyependa kuwashtua wateja wake. Hawa walisema, kwa kazi zao, kwamba thamani ya pambo ni wazo na mkono, hata likiwa la madini ya bei ndogo.

Smith alikuwa wa kundi hilo. Alianza na shaba nyekundu na ya manjano kwa sababu ndiyo iliyonunulika, na hata alipoweza kutumia fedha kwa wingi, na dhahabu kwa walioagiza, hakuiacha tabia ya shaba ya kufikiri kwa umbo kwanza.

Lakini alikuwa na jambo lake peke yake. Kwa Smith pambo lililo mezani lilikuwa nusu tu. Nusu ya pili ni mwili. Alikuwa akisema kwa namna mbalimbali kwamba mwili wa mvaaji ni malighafi kama ilivyo shaba: shingo, bega, mfupa wa kifua, mkono kuanzia kifundo hadi kiwiko. Alipima pambo kwa kuuliza linafanya nini mtu anapogeuka.

Chukua bangili yake iitwayo Lava, aliyoibuni karibu na mwaka 1946. Usifikirie duara la kuvisha kifundoni. Ni kitu kipana kinachofunika sehemu kubwa ya mkono wa chini, kwa maumbo yasiyo na kona yanayopandana na kutambaa, kama ujiji mzito wa volkano uliokuwa ukishuka mlimani ukapoa njiani. Ukiiweka juu ya meza inaonekana kama kipande kilichovunjika kutoka mahali. Ukiivaa, mkono unakamilisha kilichopungua.

Au mkufu wake uitwao Patina, wa mwishoni mwa miaka ya 1950. Una vipande vinavyoning'inia na kusogea, na wataalamu wanaona humo mvuto wa sanamu za kuning'inia za Calder. Mvaaji akipumua, mkufu unajibu.

Na hapo ndipo lile somo la uchongaji linaporudi. Mikufu yake mingi ni waya nene iliyozungushwa hewani ikaacha uwazi mkubwa, na uwazi huo unajazwa na ngozi ya mvaaji. Ngozi yoyote, na ngozi nyeusi hasa ilipendeza mno chini ya shaba inayong'aa. Hakuna jiwe la kununua ambalo lingefanya kazi hiyo. Watazamaji wa kazi zake wameona humo alama za sanaa za Afrika pia, na mtu yeyote wa kwetu aliyewahi kuona vikuku na mizunguko ya waya kwenye mikono ya bibi zetu atazitambua kabla ya kuambiwa.

Dansi ilimkuza

Kama Winifred Mason alimpa ufundi, kuna mwingine aliyempa ukubwa. Huyo ni Talley Beatty, mcheza dansi kijana mweusi na mtunzi wa dansi. Beatty alimpeleka kwenye nyumba ya Frank na Dorcas Neal, ambako wasanii weusi walikuwa na desturi ya kukutana jioni, kula, kubishana na kupeana moyo. Humo Smith alikutana na mwandishi James Baldwin, mwimbaji Lena Horne, Harry Belafonte, mwigizaji Brock Peters, mchoraji Charles Sebree, na Billy Strayhorn, mtunzi aliyefanya kazi bega kwa bega na Duke Ellington.

Wengi wao leo ni majina ya dunia. Wakati ule baadhi yao walikuwa vijana wenye madeni. Ninapowaza baraza kama lile, sioni watu mashuhuri. Ninaona watu ambao nje ya mlango ule walihesabiwa kwa rangi, na ndani yake walihesabiwa kwa kazi.

Kupitia mduara huo Smith alianza kutengeneza mapambo ya vikundi vya dansi: kikundi cha Beatty mwenyewe, cha Claude Marchant, na cha Pearl Primus. Primus alizaliwa Trinidad, na mwishoni mwa miaka ya 1940 alikuja Afrika kuchunguza ngoma zetu. Kongo ni miongoni mwa nchi alizopita.

Pambo la jukwaani lina masharti magumu. Lazima lionekane na aliyekaa mwisho wa ukumbi, kwa hiyo liwe kubwa. Lazima liwe jepesi, maana anayelivaa anaruka. Lisimchome, lisimfungue, lisipige kelele mahali pasipotakiwa, na likae mahali pake mtu akijipinda hadi sakafuni. Hebu jaribu kutengeneza mkufu wa namna hiyo kwa shaba! Smith aliutengeneza, na akiutazama ukicheza jukwaani alijifunza kitu ambacho dirisha la duka lisingemfundisha. Alirudi karakana akatengeneza vitu vikubwa kwa ujasiri zaidi hata kwa wanawake wa kawaida waliokuwa wakienda kazini na kwenye karamu.

Ukisoma habari za mafundi wengine wa wakati ule utaona kazi nyingi nzuri, lakini zimekaa. Za Smith zinatembea. Nadhani siri yake ni hao wacheza dansi.

Sifa na wateja

Mapema miaka ya 1950 majarida makubwa ya mitindo, Vogue na Harper's Bazaar, yalichapisha picha za kazi zake. Maduka yakaanza kuziuza, likiwemo Bloomingdale's la New York na mengine katika miji ya mbali kama Houston, Dallas na Minneapolis. Mtoto aliyeambiwa atafute ajira ya kuchora ramani sasa alikuwa akivaliwa na watu wasiojua hata sura yake.

Maagizo mawili yanatajwa kila anapozungumzwa. Moja lilitoka kwa tawi la mji wa Peekskill la chama cha NAACP, chama kikongwe kinachotetea haki za watu weusi Marekani. Walimwagiza pambo la kubandika kifuani kwa ajili ya kumzawadia Eleanor Roosevelt, mjane wa Rais Franklin Roosevelt, mama aliyesimama upande wa haki za weusi hata ilipomgharimu. La pili lilikuwa vifungo vya mikono ya shati kwa ajili ya Duke Ellington, mfalme wa jazi. Smith aliviunda kwa noti za mwanzo za wimbo wa Ellington wa mwaka 1930, Mood Indigo. Yaani mtu akinyoosha mkono kwenye piano, wimbo wake mwenyewe uko kwenye kifundo.

Smith aliipenda jazi kwa dhati. Kuna mkufu wake wa karibu mwaka 1962 unaoitwa Ellington, wa fedha na mawe ya rangi mbalimbali, na nikiutazama kwenye picha naona mpigo: jiwe, nafasi, jiwe, jiwe, nafasi.

Pamoja na sifa hizo aliendelea kufanya kazi dukani. Hakugeuka kiwanda. Mteja aliyeingia West Fourth Street aliweza kumkuta mwenyewe, kumvulia mkono apime, na kuondoka na kitu kilichotengenezwa pale pale nyuma ya kaunta au kurudi baada ya siku kadhaa kukichukua.

Mwaka 1969 Makumbusho ya Ufundi wa Kisasa ya New York yalimfanyia onyesho la peke yake. Mwaka uliofuata kazi yake ikawekwa katika Objects: USA, onyesho kubwa la mafundi wa Marekani lililozungushwa miji mingi. Kwa fundi wa mkono, mweusi, mwenye duka la mtaani, hilo lilikuwa jambo zito. Miaka ile makumbusho mengi yalikuwa bado yanabishana kama bangili ni sanaa au ni bidhaa tu.

Moyo

Mwili, aliouelewa vizuri kuliko mafundi wengi, ndio uliomgeuka. Miaka ya 1960 alipata shambulio la moyo. Alirudi kazini, lakini kazi ya sonara haina huruma kwa mgonjwa wa moyo. Ni nyundo kutwa, ni kuinama, ni joto la moto na harufu ya tindikali katika chumba kidogo. Alipunguza mwendo, akaendelea. Mwaka 1974 alikuwa bado anabuni vitu vipya, likiwemo pambo la kifuani la dhahabu aliloliita Majani ya Vuli.

Mwaka 1979 afya haikumruhusu tena, akafunga duka. Tarehe 20 Februari 1982 alifariki. Alikuwa na umri wa miaka 64.

Kwa miaka kadhaa jina lake lilififia, kama linavyofifia la fundi yeyote ambaye duka lake limefungwa na wateja wake wanazeeka. Mwaka 1990 kituo cha sanaa cha Jamaica, mtaa wa Queens jijini New York, kilikusanya kazi zake na kuzionyesha. (Usichanganye: mtaa huo unaitwa Jamaica, lakini hauhusiani na kisiwa cha wazazi wake.) Kisha Charles Russell, mwenzi wake wa maisha aliyekuwa ametunza vitu alivyoviacha, alivikabidhi kwa Makumbusho ya Brooklyn. Mwezi Mei 2008 makumbusho hayo yakafungua onyesho la mapambo yake pamoja na zana zake, michoro ya kazi, na vitu vya dukani.

Kwa hiyo vimerudi Brooklyn, palepale mtoto wa miaka mitatu aliposhushwa na wazazi wake mwaka 1920. Kwenye onyesho hilo viliwekwa ndani ya kabati za vioo. Walioandaa onyesho walikutana na tatizo ambalo Smith angelitambua mara moja: mikufu yake, ikilazwa kwenye kitambaa bila shingo, haieleweki vizuri. Wakaweka pembeni picha kubwa nyeusi na nyeupe za zamani, wanawake wamevaa bangili na mikufu hiyohiyo, mmoja ameinua mkono karibu na uso, ili mtazamaji aone kitu chenyewe kwenye kioo kisha ageuke aone kinakotakiwa kukaa.

Mzee uliyeniuliza kuhusu binti yako, nimekutumia namba ya fundi mmoja wa fedha na shaba aliyeko mjini kwetu. Amesema aje na bangili zake mbili, nzuri kuliko zote na mbaya kuliko zote.